Nafasi Moja ya Kwenda Tarakea

Tarehe sita mwezi wa nne tulimzika mdogo wangu Zaituni, hapa Singida. Tulipotoka makaburini, kijana mmoja alikuwa akimimina petroli kwenye bodaboda yake kutoka chupa ya maji. Harufu ile ikanirudisha kwenye sebule yetu ya zamani, mwaka ambao baba alipanga safari ya Tarakea.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Duka la baba, ambalo zamani lilikuwa na viberiti na chumvi tu, lilijaa vitenge, naye akanunua pikapu iliyokwisha kutumika. Mama alikuwa mtu wa huko Tarakea, Rombo, na hakuwa amemwona mama yake tangu aolewe. Kwa wiki tatu baba alichora njia sakafuni kwa chaki: Katesh, Babati, Arusha, Moshi, halafu kaskazini kabisa, mpakani. Sebuleni kulikuwa na madumu ya petroli, koleo, viraka vya tyubu na asali ya kupeleka ukweni. Tulikula tumekunja miguu ili tusiifute Babati.

Nyuma ya gari ni mzigo. Mbele ni baba, mama na mtoto mmoja.

"Mtoto gani?" Zaituni aliuliza kila siku.

"Mwenye adabu."

Tukaosha vyombo wiki nzima bila kutumwa. Adabu zetu zikalingana, nami nikaogopa, maana yeye ndiye aliyekuwa mdogo. Siku moja nilipotoka shule nikapitia dukani.

"Shikamoo baba. Zaituni anakohoa usiku."

"Marahaba. Anakohoa sana?"

"Sana."

Hakuwa akikohoa. Mama alikuwa ametuambia kwamba Tarakea watu huvaa makoti mchana, nami nikajua kikohozi kitamzuia. Baba akaendelea kupima kitambaa.

Nilikwenda mimi. Zaituni aliachwa kwa shangazi, Ilongero. Kabla hajapata nafasi nyingine ya kwenda, bibi alifariki.

Nilikaa na jambo hilo zaidi ya miaka thelathini. Mwezi wa tatu, Zaituni akiwa amelazwa, nikamwambia. Alicheka hadi nesi akageuka.

"Dada, mimi nilikuwa nimeshamwambia baba kwamba unakojoa kitandani! Kwani hukuona alivyokutandikia nailoni kwenye kiti?"

Nilikuwa nimeiona. Nilidhani ni ya kuzuia vumbi.

Ndipo nilipoelewa kwamba baba aliwasikiliza waongo wawili, akamchukua yule ambaye maradhi yake yangeharibu kiti tu. Hakutuambia neno mpaka akafa.

Kisha Zaituni akaniuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mfupi, mwenye kusema haraka, na alimwita kila mtu mwanangu, hata baba.

Akaomba maji. Nikampa.