Siku Dada Beringi Alipoishusha Giaboksi

Kwenye duka la spea alikofanya kazi tangu usichana wake, watu walimwita Dada Beringi. Mafundi wa gereji za jirani ndio waliompa jina hilo. Ukimletea beringi kuukuu iliyofutika namba, aliigeuzageuza vidoleni, akaipitishia kidole gumba kwa ndani, kisha akapanda ngazi ya rafu na kushuka na mpya iliyo sawasawa nayo. Klachi nazo alikuwa ameuza mpaka hesabu ilimpotea, na kila mnunuzi alimwambia maneno yale yale: "Sahani hii upande uliotokeza uangalie giaboksi. Usigeuze." Aliyasema kwa sababu naye aliambiwa hivyo siku ya kwanza kazini.

Lakini klachi ikiwa mahali pake, tumboni mwa gari, hakuwahi kuiona hata siku moja. Kazi yake iliishia kaunta. Boksi likishavuka pale lilikwenda kwa watu wengine, wenye ovaroli na mikono myeusi, na yeye alibaki kujiuliza lilifika vipi na likakaa wapi.

Alikuwa na gari lake, dogo, la zamani, lenye mgongo mrefu wa kupakia mizigo. Alilipenda kama mtu anavyompenda ndugu mkorofi. Kwa muda sasa gari hilo lilikuwa na tabia mpya. Kila alipopanda kilima kwenda kwa mama yake, alikanyaga mafuta, injini ikanguruma kwa hasira, na mwendo ukabaki ule ule wa kuchechemea. Barabara ya pale ilikuwa ya changarawe, imechimbwa na mvua, na imesimama kama ukuta. Alijisemea kwamba gari limechoka tu kama wenzake wa rika lake.

Wiki ile mdogo wake alijifungua mapacha. Hospitali ilisema wangeruhusiwa Jumamosi, na mama mtu alikwisha kata shauri: binti yake na wajukuu wote wawili watakuja kupumzika kwake, kule juu, mpaka mwenyewe atakapotosheka nao. Basi Alhamisi asubuhi Dada Beringi alipakia vitanda vya watoto na godoro, akapanda kilima. Alipokaribia geti la mama yake injini ilipiga kelele kuliko siku zote, harufu kali kama ya kitambaa kilichoungua ikamjaa puani, na gari likasimama. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa. Ni magurudumu tu yaliyokuwa hayana habari. Majirani wakatoka, wakalisukuma mpaka uani, pale penye sakafu ya saruji.

Mtu mwingine angeshika kichwa. Dada Beringi alihisi moyo ukimwenda mbio, na haukuwa woga.

Alifungua boneti kwanza, akafuata waya wa klachi kwa kidole mpaka kwenye nati ya kuukaza. Nati ilikuwa imefika mwisho wa uzi wake, haina pa kwenda tena. Akarudi ndani, akavuta hendibreki kwa nguvu zote, akaingiza gia ya nne, akakanyaga mafuta kidogo, kisha akaachia kanyagio la klachi taratibu. Gari zima lingetakiwa kujikwaa na injini kuzimika papo hapo. Haikuzimika. Iliendelea kuvuma kama cherehani, na harufu ile ikarudi.

Akaanza kucheka peke yake.

Mama yake alikuwa amekaa kibarazani, mkongojo mapajani, maana nyonga yake ilikuwa haijapona sawasawa. "Unacheka nini na gari limekufa?"

"Halijafa, Mama. Klachi imelika, inateleza. Injini inazunguka, klachi haiishiki."

"Na hicho ndicho cha kuchekesha?"

"Nitaifungua mwenyewe."

Wakati huo akaingia shemeji yake, baba wa mapacha, kinyozi wa mjini. Alikuwa amepanda kilima kwa miguu kuja kufunga vitanda, shati jeupe, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri wala hajali. Aliposikia, alitazama gari, akamtazama shemeji yake. "Shemeji, si tutafute teksi tu hiyo Jumamosi?"

"Teksi ipi inayokubali kupanda hapa?"

"Basi fundi."

"Fundi wangu ana foleni mpaka wiki ijayo."

Kinyozi akamgeukia mkwewe apate wa kumtetea. Yule mama alikuwa anamkazia macho binti yake, na alichokiona usoni pake alikuwa hajakiona siku nyingi. "Mkwe wangu," alisema, "mwache. Wewe vua shati hilo, litachafuka."

Dada Beringi akashuka mjini. Pale dukani hakupita mlango wa nyuma kama kawaida. Alisimama mbele ya kaunta, upande wa wateja. Mwenye duka, mzee wa miwani mizito, aliinua kichwa.

"Umeomba ruhusa ya siku mbili, sasa umefuata nini?"

"Nataka klachi. Sahani, presha pleti na beringi yake."

Mzee akakunja mikono juu ya kaunta, sura ya kazi kabisa. "Gari gani? La mwaka gani? Injini ipi?" Alimuuliza yote, moja baada ya jingine, kama yeye alivyozoea kuwauliza wengine, naye akajibu yote bila kucheka. Mwishoni mzee akauliza, "Na fundi ni nani?"

"Mimi."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena. Alipanda ngazi mwenyewe, yeye ambaye magoti yalikuwa yamemkataza ngazi, akashuka na boksi. "Sahani hii upande uliotokeza uangalie giaboksi," alisema. "Usigeuze."

Kutoka hapo alipitia gereji kuazima jeki mbili, stendi za kuegemeza gari na spana ndefu. Fundi wake aliposikia alicheka mpaka akaegemea ukuta, lakini vitu alimpa vyote, na akamwonya kwa makini. "Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuchungulia. Na giaboksi ikigoma kurudi, usiivute kwa bolti, utaivunja. Ikigoma ujue sahani haijakaa katikati."

Ijumaa, jua lilipochomoza, gari lilikuwa juu ya stendi na Dada Beringi mgongoni chini yake, juu ya boksi lililokunjuliwa. Alitoa waya wa betri, akatoa mkono wa gia kwa ndani, akarudi chini. Kila kitu alichokigusa alikijua kwa jina na kwa uzito, ila alikuwa akikijua kikiwa kimefungwa kwenye nailoni. Sasa alikiona kikiwa nyumbani kwake. Beringi za kati alizouza miaka yote, kumbe zinakaa hapa. Zile raba zilizokuwa zikigombewa na wateja, kumbe kazi yake ni kuibeba giaboksi isitingishike. Kila mara alitoa kichwa nje kumwambia mama yake, na mama yake aliitikia "Aha" kana kwamba ameletewa umbea wa mtaa.

Walipochomoa shafti ndefu iendayo kwenye magurudumu ya nyuma, kinyozi alikuwa amejikunyata mahali pabaya. Oili ya gia ilimwagika yote kifuani mwake. Akanusa fulana yake.

"Nimenyoa watu wengi," alisema, "ila hakuna aliyewahi kunipaka mafuta haya."

Mkwewe alicheka hadi mkongojo ukaanguka.

Bolti moja juu ya giaboksi ilikuwa imejificha mahali ambapo jicho halifiki. Dada Beringi aliitafuta kwa vidole, akaikuta, akaivalisha spana bila kuiona, akavuta. Ikagoma. Akaweka miguu kwenye gurudumu, akavuta kwa mwili mzima, na ikaachia kwa mlio mkavu. Baada ya hapo waliiteremsha giaboksi juu ya jeki ya pili, polepole, kila mmoja akiwa upande wake, wakiambiana "kidogo, kidogo, simama, haya tena." Ikatoka. Ikalala sakafuni.

Naye akaiona. Presha pleti, ile inayoibana sahani, ilikuwa pale, imeshikwa na bolti zake kwenye gurudumu zito la injini. Alizilegeza kwa kupokezana, huku kidogo na kule kidogo, na ya mwisho ilipotoka sahani ikamwangukia mkononi. Ilikuwa nyembamba kama biskuti. Utando wake ulikuwa umelika mpaka vichwa vya ribiti vimebaki wazi vikimeremeta, na chuma kilikuwa na madoa ya bluu kwa joto. Aliweka sahani mpya kando yake. Upande mmoja wa ile mpya kitovu kilitokeza. Akausogeza upande huo kwenye chuma cha injini, kama kujaribu kosa, ukagonga vichwa vya bolti. Akaigeuza, ikalala shwari.

"Ndiyo maana," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe ndiyo maana."

Alisafisha chuma kwa petroli, akafunga klachi mpya. Wakainua giaboksi. Ikaingia, ikaingia, ikakwama ikibaki nafasi ya kupitisha vidole. Wakajaribu tena, ikakwama pale pale. Jasho lilimchuruzika machoni. Mkono ulimwasha kuikaza kwa bolti ifuate kwa nguvu. Akakumbuka onyo la fundi, akaishusha chini tena.

"Sahani haiko katikati," alimwambia shemeji yake. "Shafti ya giaboksi lazima ipite katikati ya sahani ikaingie kwenye tundu la injini. Wenye kazi yao wana kijiti cha kunyooshea. Mimi sina."

Kinyozi alichungulia lile tundu la sahani, kisha lile dogo lililo ndani zaidi. Jicho lake lilikuwa limezoea kulinganisha nywele za sikio hili na za sikio lile. "Nipe mpini wa ufagio," alisema.

Akachukua wembe na kisu cha mkwewe, akakaa kibarazani, akaanza kuuchonga ule mpini. Kila baada ya dakika kadhaa alikwenda kuupima, akarudi, akatoa utando mwembamba kama anasawazisha ndevu. Ncha ikawa ya tundu dogo, shina likawa la tundu kubwa. Ulipozidi kulegea kidogo aliuzungushia utepe wa karatasi wenye gundi. Alipoingiza mara ya mwisho haukucheza hata kidogo. Dada Beringi akalegeza presha pleti, sahani ikajisogeza ikakaa, akakaza tena, akachomoa mpini.

Safari hii giaboksi iliteleza mpaka ndani yenyewe, ikatulia kwa mlio laini wa chuma kukutana na chuma. Walitazamana chini ya gari, nyuso nyeusi, wakicheka bila sauti.

Jua lilikuwa bado liko juu walipomaliza kurudisha yote na kumimina oili mpya. Dada Beringi akakaza waya, akawasha, akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza. Aliachia kanyagio kwa woga. Gari likasogea mara moja, likiwa na nguvu ambazo alikuwa amezisahau, na nusura aguse tangi la maji. Akarudisha nyuma. Akaenda mbele. Akarudisha tena nyuma, bila sababu yoyote, kwa raha tu.

"Utamaliza mafuta," mama yake alisema, lakini naye alikuwa amesimama.

Jumamosi alimpakia mdogo wake na mapacha, baba yao akiwa katikati amemkumbatia mmoja. Chini ya kilima aliingiza gia ya pili, na gari likakipanda chote, bila kuunguruma bure, bila harufu. Mdogo wake alikuwa anasinzia, wala hakujua kwamba kuna lolote la kujua. Dada Beringi alipiga mluzi mpaka getini.

Mwezi huo huo alipatana na fundi wake: Jumamosi mchana, duka likifungwa, anakwenda gereji. Fundi alimtundikia ovaroli kwenye msumari aliompigilia yeye, karibu na mlango. Ilikuwa kubwa, akaipunguza miguu, na giaboksi ya kwanza aliyoifungua akiwa ameivaa ilikuwa ya lori.