Siku Niliyokataa Kuahirisha Kesi

Uanagenzi wangu wa uwakili niliuanza nikichemsha chai. Nilikuwa na shahada ya sheria, nilikuwa nimepita ile mitihani inayowaliza watu wazima kule Nairobi, na sasa nilitakiwa kukaa chini ya wakili mzoefu anifunze kazi kabla sijaapishwa. Wakili aliyenichukua alikuwa na ofisi kwenye ghorofa katikati ya mji wa Nakuru. Ukitembea naye barabarani, watu waliacha shughuli zao kumsalimia: boss, mkubwa, mheshimiwa. Siku ya kwanza alinionyesha kabati la faili, halafu akanionyesha birika.

Wateja walipoingia waliniuliza, "Madam, wakili yuko?" Nikiwaambia naweza kuwasikiliza, walitabasamu kwa huruma, wakaketi kumngoja mwanamume. Hayo niliyazoea. Ambayo sikuyazoea, na hadi leo yakinijia nikiwa naosha vyombo nagonganisha masufuria, ni mambo ya mama mmoja wa Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru.

Mama huyo alikuwa mjane. Alikuwa na shamba dogo karibu na barabara ya Nairobi, mahali alipolima maharagwe na sukuma tangu alipoolewa. Lanet ilipoanza kujaa nyumba mpya, shemeji yake akakumbuka kwamba hati ya shamba ilikuwa bado na jina la baba yao marehemu, yaani baba mkwe wa mama. Akaanza kuliuza shamba la mjane vipande vipande. Mama akaenda kortini, na wakili wake akawa mwajiri wangu.

Kesi yote ilimtegemea shahidi mmoja. Alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, jirani wao wa zamani, ambaye alikuwepo siku baba mkwe alipowagawia wanawe ardhi na kuwaonyesha mipaka. Sasa aliishi mbali, Longonot, kupita Naivasha, kwa binti yake, na alikuwa na ugonjwa wa koo. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba sauti itaisha. Maelezo yake tulikuwa nayo kwa maandishi, lakini bila yeye kusimama kizimbani na kuhojiwa, karatasi ile ingekuwa kazi bure.

Kila kesi ilipotajwa, iliahirishwa. Mara wakili wetu ana kesi nyingine Eldoret, mara tumbo linamsumbua, mara faili haionekani. Na kila mara mzee alikuwa ameshafika kutoka Longonot, amefungwa skafu shingoni kwenye jua la mchana, ameketi kwenye benchi la nje na mama wa Lanet ambaye alimbebea uji kwenye chupa. Wakiambiwa warudi nyumbani, mama aliniuliza mimi, "Sasa tumekosea wapi, msichana wangu?" Nikajibu kwamba hawajakosea, ni taratibu za korti. Niliamini hivyo kweli.

Kisha siku moja tulikuwa tunarudi kutoka mahakama ya Naivasha, mimi na mwajiri wangu, akasimamisha gari Kikopey tule nyama. Ndani ya bucha, kwenye meza ya pembeni, wakili wa shemeji alikuwa ameshaketi akitungoja. Mbuzi alikuwa tayari motoni. Walikumbatiana kama ndugu. Nilinawa mikono nikidhani ni adabu tu za watu wa kazi moja, hadi mbavu zilipoletwa na yule mwingine akasema, "Hii ya Lanet tuisukume tena kidogo. Mteja wangu bado hajamalizana na wanunuzi."

"Hakuna shida," mwajiri wangu akasema akichovya nyama kwenye chumvi.

"Na yule babu wenu?"

"Yule? Sauti inaenda. Mwakani atakuja kutupungia mkono tu."

Wakacheka. Walicheka vizuri, kwa raha, kama watu waliopumzika.

Nikauliza, "Na mteja wetu je?"

Mwajiri wangu aliniangalia kana kwamba kachumbari imezungumza. "Wewe kula," akasema. "Sheria utaisoma ofisini."

Sikumeza kitu tena siku hiyo.

Miezi ikapita, nikaapishwa. Mama yangu alisafiri hadi Nairobi amevaa gauni la harusi za watu, akalia kabla hata sijaitwa. Niliapa mbele ya majaji na mamia ya wenzangu kwamba nitakuwa mkweli mbele ya mahakama. Maneno yale niliyasema polepole. Wiki iliyofuata nikarudi Nakuru kama wakili kamili, kwenye meza ileile, karibu na birika lilelile.

Siku ya kesi ya Lanet ilipofika, mwajiri wangu alinipigia simu asubuhi. "Nenda ukaombe tarehe nyingine. Sema niko Mahakama ya Rufaa." Nilikuwa nimesimama nje ya jengo letu wakati huo. Gari lake lilikuwa mbele yangu, limeegeshwa, na dirisha la ofisi yake lilikuwa wazi juu. Nilimsikia akikohoa kwenye simu, nikamsikia na pale dirishani.

Nilitembea hadi kortini. Kwenye benchi niliwakuta mama na mzee. Nikachuchumaa mbele yao.

"Mama, nimetumwa niombe kesi iahirishwe tena. Wewe unatakaje?"

Alifunika chupa ya uji. Kisha akasema, "Nataka huyu mzee aongee akiwa bado anaweza. Ni hilo tu nimekuwa nikitaka."

Kesi ilipoitwa, nikasimama. "Mheshimiwa, mlalamishi yuko hapa, na shahidi wake yuko hapa. Tuko tayari kuendelea."

Wakili wa shemeji aliruka kama ameketi juu ya mwiba. "Mheshimiwa, huyu ni mgeni, hajui. Mimi na mkubwa wake tulikuwa tumeshakubaliana."

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akaweka kalamu chini. "Mlikubaliana mkiwa wapi, wakili?"

Wakili akaanza kupekua faili yake. Mimi nilijua jibu, na nilikuwa natamani niulizwe. Hakimu hakuniuliza. Alisema tu, "Shahidi aje."

Sauti ya mzee ilikuwa mnong'ono uliopasuka. Hakimu aliamuru madirisha yafungwe ili kelele za mjini zisiingie. Mzee akaeleza alivyotembea na baba mkwe kutoka mti hadi mti, nani alikuwepo, kijana gani alipewa upande gani. Akipumzika, korti nzima ilipumzika naye.

Ilipofika zamu ya kumhoji, yule wakili akaegemea mbele. "Ongea kwa sauti, mzee, sikusikii." Mzee akajaribu, akakohoa, akashika koo. "Bado sikusikii." Alikuwa anatabasamu.

"Mimi namsikia," hakimu akasema. "Endelea na maswali yako."

Nilirudi ofisini mchana. Mwajiri wangu alikuwa ananingoja mlangoni.

"Nani alikuambia uendeshe hiyo kesi?"

"Mteja."

"Mteja ni wangu!"

"Basi ungekuja umsimamie," nikamwambia. "Hukuwa mbali."

Nilifungasha vitu vyangu mbele ya sekretari na wateja waliokuwa wakingoja. Kwa miezi mingi hakuna ofisi Nakuru iliyotaka kunichukua. Kila mahali nilikuta habari zangu zimetangulia: ni mjuaji, anauza siri za ofisi. Aliyesema uongo alikuwa anaamkiwa barabarani, na mimi nilikuwa nyumbani kwa mama nikichambua maharagwe. Hatimaye wakili mmoja mwanamke wa Naivasha alinipigia simu, akaniuliza kama kweli ni mimi niliyekataa kuahirisha. Nikasema ndiyo. Akasema nianze Jumatatu.

Mama wa Lanet alitafuta wakili mwingine, akashinda. Hakimu aliutegemea ushahidi wa mzee. Lakini kipande cha mbele, kile cha karibu na barabara, tayari kilikuwa na ukuta wa mawe wa mnunuzi, na kuhusu hicho bado wanarudi kortini. Kesi ingesikizwa mapema, ukuta huo usingekuwepo. Mzee aliambiwa habari za ushindi na binti yake. Hakuweza tena kusema neno.

Mwaka jana nilihudhuria semina ya mawakili katika hoteli moja ya Nakuru. Somo lilikuwa maadili ya kazi yetu. Mwalimu akapanda jukwaani kwa makofi, tai nyekundu, sauti nzito: mwajiri wangu wa zamani. Aliwaambia wanagenzi, vijana waliojaza safu za mbele, kwamba mteja ni amana.

Nikainua mkono. Nikauliza wakili afanywe nini akikubaliana na upande wa pili kuchelewesha kesi ya mteja wake hadi shahidi ashindwe kusema.

Alinitambua, niliona. "Swali zuri sana," akasema. "Tutalijibu baada ya chai."

Tulikunywa chai. Tukarudi ukumbini, na akaanza mada nyingine.