Siku mbili Tabora natafuta nyumba ya kwenye picha, kumbe nimeipa mgongo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe mwezi uliopita na sijayaongezea chumvi, ingawa mtanicheka.

Shule niliachia kidato cha pili, na tangu hapo miguu haitulii. Asubuhi moja nikiwa Kahama nilinawa uso, nikafunga begi, nikaenda stendi bila kujua naelekea wapi. Basi la Tabora lilikuwa linaunguruma. Nikapanda.

Begini nilikuwa na picha ya zamani niliyoipata studio moja ilipofungwa. Mtaa, msikiti kwa mbali, na upande wa kulia nyumba yenye mlango wa kuchonga. Barazani wanaume wanne wa kanzu wanakunywa kahawa. Nyuma imeandikwa kwa penseli: Tabora.

Huo ndio ugonjwa wangu. Natafuta pale aliposimama mpiga picha wa zamani, nasimama hapo hapo, napiga upya. Halafu naziweka pamoja.

Mtaa niliupata upesi kwa sababu ya mnara wa msikiti. Ila kulia, penye nyumba, pana duka la mbolea. Nikapiga, nikasogea, nikapiga tena. Madirisha hayakubali, kivuli hakikubali.

Nilikuwa nimeegemea uzio wa mabati upande wa kushoto. Fundi mmoja akanifukuza: "Toka hapo bro, kesho asubuhi tunashusha ukuta. Zinajengwa fremu za maduka."

Nikahofia. Kama nyumba ya kwenye picha bado ipo mtaani hapo, nayo huenda ikabomolewa kabla sijaiona.

Jirani na duka la mbolea kuna mama anauza vitambaa, Bi Saada, wa zile familia za Kiarabu za tangu enzi za misafara. Akaniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Siku ya pili leo unalipiga picha duka la mbolea. Unataka kulioa?"

Nikamwonyesha picha. Akavaa miwani, akaisogeza karibu na macho. Kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Baba, hawa watu wazima, Waislamu, wote wanne wanakunywa kwa mkono wa kushoto? Wapi umeona? Aliyeisafisha picha aliigeuza!"

Nikaipiga picha kwa simu, nikaigeuza kama kwenye kioo. Vikombe vikahamia mikono ya kulia. Nyumba ikahamia kushoto.

Nyuma ya mabati.

Tulimbembeleza yule fundi mpaka akafungua. Mlango wa kuchonga ulishang'olewa, paa hakuna. Baraza lilikuwepo, zima.

Bi Saada akaangalia picha tena. "Huyu wa mwisho ana pua ya babu yangu. Hii nyumba wazee wetu waliiuza sijazaliwa." Akaagiza kahawa, akaketi pale pale alipokaa yule mzee, kikombe mkono wa kulia. "Piga. Na usinigeuze."

Nilipiga tatu. Kesho yake saa mbili asubuhi palikuwa vumbi tupu.

Sikuweza kukaa. Nikamwachia Bi Saada picha ya zamani, nikapanda basi la Urambo. Jioni nikapata gesti yenye neti nzima na maji ya ndoo.

Mhudumu akauliza nakaa siku ngapi. Kawaida nasema moja. Nikasema nne, kisha nikatoka barabarani, na kabla ya kupiga chochote nikageuka nyuma.

Nilichojifunza: usiseme kitu hakipo kabla hujaangalia mgongoni kwako.

Wenye picha za kale za miji yenu, hebu chungulieni watu wameshika vikombe mkono gani, mniambie.