Kiti cha Aciro, Sauti ya Nakhisa

Sifuna alitoka Webuye akaja Kampala na cheti cha ubunifu, pamoja na Kiswahili alichokijivunia mno, kwa kuwa utotoni darasa zima lilimcheka alipotamka "tirisha" badala ya "dirisha". Alipanga chumba Kisugu, akawa anachora mabango ya maduka, hadi jumba dogo la maonyesho la Old Kampala lilipomwita aandae maonyesho kuhusu kazi za Aciro.

Aciro, ambaye majirani walimwita Mama Ojara, alikuwa mjane wa polisi, mkaazi wa Nsambya. Vita vilipokwisha mwaka 1986, aliwaona watu wanaouguza jamaa zao hospitalini wakilala sakafuni kando ya vitanda. Akachukua turubai kuukuu, akalishona kwenye fremu ya mbao, akabuni kiti cha kukunja na kubeba begani, ambacho ukikikunjua chote kinakuwa kitanda. Baadaye akabuni vyombo vingine vingi, na mafundi wa mji mzima wakaviiga.

Sifuna hakutaka vitu vya kufungiwa ndani ya vioo. Alitaka mgeni akunjue kiti kwa mikono yake, akilalie, kisha abonyeze kitufe amsikie Aciro mwenyewe akieleza. Akaenda kumrekodi nyumbani kwake. Mama huyo alizungumza asubuhi nzima, akicheka, akizipiga mbao kwa kiganja.

"Kiti hii ilinisumbua sana," alisema. "Miguu ilikuwa inakimbia huku na huku kama mlevi. Mimi nikaambia yeye, leo utasimama tu!"

Aliporudi kazini na kusikiliza, Sifuna aliona haya. Kiti hii! Wageni wa Nairobi na Dar es Salaam watasemaje? Akaandika maneno yale upya, akamwita Nakhisa, msomaji wa matangazo ya redio, akamrekodi juu ya sauti ya Aciro, ile ya kwanza ikafutika. Hakumwambia mtu.

Siku ya ufunguzi Aciro alikuja na majirani zake, amevaa kitenge kipya. Alifurahi kuona watu wanagombania kukunja viti vyake, na mzee mmoja amejinyoosha kabisa akikoroma kwa mzaha. Kisha akabonyeza kitufe.

"Mimi ni Aciro," ikasema sauti laini. "Kiti hiki kilinitatiza mno, ila subira ilinivusha."

Majirani wakaangua kicheko. "Mama Ojara! Mombasa ulienda kusoma lini?"

Aciro hakucheka. Alibonyeza tena, akainamisha sikio, akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akamgeukia Sifuna.

"Huyu ni nani?"

"Ni msomaji, Mama. Tulitaka watu waelewe vizuri."

"Kwani mimi watu hawaelewi?"

Sifuna alitazama viatu vyake.

Kesho yake alikizima kile kitufe, akaenda Nsambya. Aciro alimpa chai kama mgeni yeyote.

"Nisamehe, Mama. Nilikukosea heshima. Naomba tuzungumze tena, vile vile ulivyozungumza siku ile."

"Hakuna neno, kijana yangu. Weka mashine yako."

Sifuna alishusha pumzi. Lakini Aciro alikaa wima, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Kiti hi... kiti hiki," alianza. "Kili... ngoja. Ile dada alisemaje?"

"Usimfuate yule, Mama. Sema kama unavyosema siku zote."

"Hapana. Watu watasikia. Nitasema vizuri."

Akaanza upya, polepole, akilipima kila neno kabla ya kulitoa. Mbao zilikuwa pale pale ukutani, wala hakuzigusa. Sifuna alishindwa kumtazama usoni.

Rekodi hiyo ndiyo iliyowekwa. Wageni wengi waliisifu, wakisema huyu mama anazungumza kwa adabu sana. Sifuna, kila mtu aliposogelea kitufe, alitafuta sababu ya kutoka nje.