Kahawa ya Kokuberwa

Kokuberwa wa Nyakahanga hakujaliwa mtoto, basi hata jina lake lilikuwa limeanza kupotea. Wenzake waliitwa mama fulani na mama fulani. Yeye alikuwa "mke wa Byarugaba" tu, hata kwa watu aliocheza nao utotoni. Lilimuuma, sitaficha. Mpaka alipoipata kahawa yake.

Si kahawa ya kunywa, jamani, ni ile ya kutafuna: buni mbichi zinachemshwa na majani, zinaanikwa, kisha mgeni anapokewa nazo kwenye kikapu kidogo. Kila nyumba Karagwe ilikuwa nayo. Lakini ya Kokuberwa! Aliharibu vyungu miaka mitatu akitafuta majani yake, mumewe akimtania kwamba anapikia mbuzi, hadi siku moja akatoa buni zenye harufu ya kumsahaulisha mtu alichojia.

Mwaka 1951 akaipeleka kwenye chama cha akina mama, Tweyambe, waliosaidiana katika misiba na harusi. Walikubaliana hivi: ujuzi unaoletwa na mmoja ni wa wanachama wote, hauuzwi, hautolewi nje, na anayeshika kikapu sharti amtaje mwenye ujuzi. Basi kila shughuli ikasikika: "Karibuni kahawa ya Kokuberwa." Weee! Mara ya kwanza alipolisikia jina lake alijificha nyuma ya migomba, akacheka peke yake.

Na mtu wa nje akikaribia jikoni, walikuwa na lao. Haraka haraka walitandaza juu ya chungu majani ya mubirizi, yale machungu ya kunywea homa. Akiondoka, wanayatoa na kuendelea na kazi.

Aliyewapa kazi hiyo zaidi ni Cassian, mwenye duka na baiskeli, hodari wa kufuata harufu. "Habari za kazi, akina mama! Mnapika nini?" huku jicho liko chunguni.

Siku ya harusi ya binti wa mzee Rwegoshora, wanachama walifika na vikapu vyao wakamkuta Cassian ametangulia, kasimama mlangoni na ungo mzima.

"Rudisheni vikapu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Hii ni kahawa ya Cassian. Nimeigundua mwenyewe, na mzee keshaniruhusu kupokea wageni. Kuanzia leo nyinyi ndio mnaoniiga."

Damu ilimchemka Kokuberwa. Jina lenyewe alikuwa nalo hilo moja, na linachukuliwa mchana kweupe! Alitaka kumrukia. Dafroza, mwenyekiti wa chama, akamshika mkono. "Subiri, dada. Waache watafune kwanza."

Wakatafuna. Mzee Rwegoshora alikunja uso wote. Bwana harusi akageukia ukutani, akatema. Shangazi mmoja akapiga kelele, "Kwani tumeambiwa tuna homa?" Cassian mwenyewe alishangaa, yeye alikuwa mtu wa kiko, mdomo wake haukujua tena uchungu.

Hapo Kokuberwa akang'amua, na furaha ikampanda mpaka kooni. Akauliza kwa adabu zote, "Bwana Cassian, umetia majani gani?"

"Mubirizi!" akajibu kwa kujidai. "Mengi, ya kufunika chungu kizima."

Loo! Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Hayo hatupikii, bwana," Kokuberwa akasema. "Hayo tunamtandazia mtu anayekuja kuchungulia. Akienda zake, tunayatoa."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mzee Rwegoshora akanyanyua fimbo amfukuze, lakini Kokuberwa akamzuia.

"Muache, mzee. Mkewe Evangelina akitaka, aingie chama, atafundishwa kila kitu kama sisi. Ila leo kikapu changu atakishika huyu."

"Na sheria ya kikapu anaijua?" Dafroza akauliza.

"Ataijua sasa hivi."

Cassian akazunguka, jasho likimtiririka, mgeni mmoja baada ya mwingine. "Karibu kahawa ya Kokuberwa. Karibu kahawa ya Kokuberwa." Wageni walipita sitini. Safari hii Kokuberwa hakwenda migombani. Alisimama katikati ya ua, kifua mbele, akilisikiliza jina lake. Cassian alipompa bibi mmoja kiziwi na kupita kimya, Kokuberwa akamwita.

"Bwana Cassian, bibi hajasikia. Rudia, kwa sauti."