Kiganja cha Sista Ernesta

Kule hospitali ya Mamba, Sista Ernesta akimwita mwanafunzi wa udaktari "Dokta," mwanafunzi ajue ameharibu. Amefanya ukunga miaka ishirini na sita, na hajawahi kumwacha mama aliyetoka kujifungua peke yake na mwanafunzi, hata dakika moja. Watu husema ana roho mbaya. Na waseme! Hawajui kwamba Beatrice bado humjia. Huyo ndiye mama wa kwanza aliyekabidhiwa, alipotoka chuoni na cheti cha alama za juu. Alimpapasa tumbo, akasema mfuko wa uzazi umekaza, kama inavyotakiwa ili damu ikome. Kumbe alichoshika ni kibofu kilichojaa. Beatrice alivuja damu mpaka akakata roho, huku akimshukuru.

Jumatatu asubuhi Elirehema alijifungua salama. Mama mkwe wake, kama ilivyo desturi ya kule, alikuwa amemnywesha chai ya tangawizi chupa nzima. Sasa angesemaje kwamba amebanwa na mkojo mbele ya binti wa watu mwenye koti jeupe? Aliubana.

Yasmini, mwanafunzi aliyeletwa kwa mafunzo, aliweka mkono tumboni. "Pagumu, Sista. Mfuko umekaza."

Ernesta aliona shuka linalowa damu. Alitaka kumsukuma binti kando, afanye kazi yeye. Lakini akimsukuma, binti ataondoka Mamba vilevile alivyokuja, na mama mwingine huko mbele ndiye atakayekufa.

"Dokta," alisema, "hapo umeshika mkojo."

Wakautoa kwa mpira wa kutolea mkojo. Ernesta akamchoma Elirehema sindano ya kukaza mfuko, kisha akakibana kiganja cha Yasmini chini ya chake. "Huo ulio laini kama unga uliokandwa, ndio wenyewe. Sugua. Acha kumwonea huruma, sugua!"

Yasmini alisugua huku machozi yakimtoka. Polepole kitu kikajikusanya chini ya vidole vyake, kikawa kigumu. Damu ikapungua.

"Nimeusikia," alisema. "Jamani, nimeusikia!"

"Basi baki naye. Kila robo saa, shika tena."

Ernesta alivua glavu, akaenda mpaka mlangoni. Alisimama pale, mkono kwenye kitasa, muda mrefu. Kisha akarudi, akaketi kando ya kitanda, akaweka kiganja juu ya kile cha binti.

"Sista, huniamini?"

"Wewe nakuamini, mwanangu. Mimi ndiye ninayeshindwa kutoka."