Mvua ya Sebuleni

Mke wangu ana neno moja la kunimaliza: nzuri. Nimpigie muziki ambao ngoma zake zinatua kama mtu anavunja mlango, yeye ananyanyua kichwa kutoka kwenye ungo wa maharage, anasema "nzuri," anarudi kuchambua. Afadhali angesema mbaya, tukabishana.

Spika zenyewe nilizipata kwenye hoteli moja ya hapa Karatu ilipokuwa inabadilisha baa yake. Ni mbili, kila moja kimo cha mtoto wa darasa la pili, pamoja na amplifaya ya kubebwa na watu wawili. Niliziingiza sebuleni mke akiwa shambani, nikidhani akizikuta zimeshakaa atazizoea. Hakuzizoea. Aliziita makabati yasiyofunguka.

Kisha ikakaribia zamu yetu ya jumuiya. Mwezi wa tano wanajumuiya wangekuja kusali kwetu, na sebule yetu si ukumbi.

"Baba watoto," aliniambia, "hapo yalipo hayo makabati wanakaa kina mama wanne. Nionyeshe yanafanya nini ambacho redio yangu ya jikoni haifanyi. La sivyo, jumuiya ikija yawe stoo."

Stoo yetu ina panya, na panya wanapenda waya. Nilijua zikienda huko hazirudi.

Basi nikaanza kutafuta. Mimi ni dereva wa kupeleka wageni kreta kutazama wanyama, na majira ya masika wageni ni wachache, kwa hiyo muda nilikuwa nao. Nilianzia stendi kwa bwana mmoja anayejaza watu nyimbo kwenye flashi.

"Hii ina besi ya kufa mtu, mzee wangu," alinihakikishia.

Besi ilikuwepo kweli, vikombe kabatini vilicheza. Lakini kila kitu kilikuwa mbele: mwimbaji mbele, gitaa mbele, kinanda mbele, wote wamesongamana mlangoni wanagombea kutoka. Wimbo unaanza kwa kelele na kuisha kwa kelele ile ile. Hakuna aliye mbali.

Mimi nawataka wa mbali. Ni ugonjwa nilioupata kazini. Ukizima gari kule chini kreta, mwanzoni husikii kitu. Ukivumilia unasikia upepo, halafu nyati wakikata majani karibu na tairi, halafu fisi mmoja huko ng'ambo. Halafu simba akiamua kuunguruma, kiti kinatetemeka. Muziki nao nautaka hivyo: kidogo kiwe kidogo, kikubwa kinishtue.

Niliwaandikia wageni wangu wa zamani, wakanitumia vitu vya ajabu. Kulikuwa na piano kwenye ukumbi mpana kiasi kwamba unausikia upana wenyewe. Kulikuwa na mtu anapiga besi kubwa ya mbao, unasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Mke? "Nzuri."

Ndipo nikamkumbuka bibi mmoja mgeni ambaye badala ya kamera alibeba kinasa sauti. Alikuwa ananiambia nizime gari hata pasipo na mnyama, na nilimpenda kwa hilo. Jumapili moja alinifuata kanisani kwetu, akakiweka chombo chake kwenye dirisha la nyuma. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, kwaya ikaimba bila kinanda wala vipaza sauti. Mke wangu ni mwanakwaya, sauti ya pili. Nikamwandikia bibi, naye akanitumia rekodi nzito mno hata ikabidi nikakae mapokezi ya hoteli moja kuipakua kwa mtandao wao.

Nilichagua mchana wa jua kali, maharage yetu yameanikwa uani juu ya turubai. Nikamkalisha mke kwenye kiti changu, katikati ya spika, nikabonyeza.

Kimya. Benchi likalia. Mtu akakohoa, mbali, upande wa kushoto.

"Mbona hakuna kitu? Ongeza sauti."

"Ngoja."

Hapo ndipo watu wengi huharibu. Mkono wangu uliwasha, nikaukalia. Mwimbishaji akaanza peke yake, chini chini, sauti ya pili ikamjibu. Mke akainamisha kichwa. Kisha matone yakaanza kwenye bati, machache, halafu yote kwa pamoja, na kwaya ikapaza sauti ili isimezwe na mvua.

"Maharage!"

Alishafika nje kabla sijafungua mdomo. Nilimkuta amekunja nusu ya turubai, jua linampiga utosini, jirani anamchungulia juu ya ua asielewe. Akatazama mbingu. Akanitazama mimi. Nilijiandaa kusemwa, lakini alicheka mpaka akakaa chini juu ya maharage.

"Rudisha mwanzo," alisema tuliporudi ndani. Safari hii hakukaa. Alitembea polepole kati ya spika, akitega sikio, akasimama kulia kidogo mwa meza ya televisheni.

"Mimi niko hapa," akasema.

Ni kweli, sauti yake ilikuwa pale pale. Nilimpenda upya, na sioni aibu kulisema.

Jumuiya ilipokuja, spika zilikuwa mahali pake. Kilichohamia stoo ni kiti changu. Baada ya sala na chai mke akawasha ile rekodi bila kumwambia mtu, na mvua ilipoanza kina mama wote wakainuka kwa mpigo kuwahi vyao majumbani. Kicheko kama kilichofuata sijakisikia tena. Wakaomba irudiwe. Mara ya pili hakuna aliyeinuka, wote wajanja sasa, wanatabasamu tu na vikombe mkononi.

Wimbo ukaisha. Mvua haikuisha.

"Sauti safi sana hii," mwenyekiti wa jumuiya alikuwa anasifu, "utadhani iko kwenye bati hili hapa."

Mke akaenda mlangoni, nami nikamfuata. Maharage yetu yalikuwa yanaelea kwenye turubai. Kichwani nikawaona panya wa stoo, nikaziona waya za spika zangu. Yeye akainamisha kichwa, akaisikiliza mvua kwa makini kama ninavyofanya mimi.

"Hii ya nje," akasema, "imerekodiwa vibaya."